Sauti ya Mlingotini

Mtangazaji wa Bwaise hutangaza misiba, harusi na mbuzi waliopotea kwa sauti ile ile kavu, macho ameyafumba, kidole kikigonga-gonga maiki, na vipaza sauti vya mlingotini huipeleka mtaa mzima. Siku ya mafuriko Marlène, mama Mkongo wa mtaani, alisimama kando yake, maana mwanawe alikuwa haonekani. "Nyabo, tulia," mtangazaji akamwambia, akimwita bibi kwa Kiganda, akamtangaza mtoto tena na tena.

Ghafla kelele zikapanda kutoka sokoni, "Tumempata! Mzima!" na muuza ndizi mmoja akaingia mbio na mtoto mgongoni, wote wawili tope tupu. Mtangazaji akasahau kuzima maiki. Bwaise nzima ikamsikia akiangua kilio, na Marlène, mtoto kifuani, akimbembeleza yeye kwa Kiswahili cha kwao: "Papa, usilie, mutoto amepatikana!"