Mbegu ya Mtindi wa Mama

Atupele alilipwa kutunza bakteria. Katika kiwanda kimoja cha jibini huko St Marys, kitongoji cha Sydney, Australia, alikata vipande vya jibini iliyoiva, akapima kama bakteria wazuri bado wako hai na wameacha nini humo: vitamini, na vile vipande vidogo vya protini ambavyo wataalamu wanadhani husaidia kushusha presha. Kila alipoandika majibu alimkumbuka mama yake kule Tukuyu, mgonjwa wa presha, asiyejua bakteria ni nani lakini mtindi wake haukuwahi kumharibikia.

Nyumbani Atupele alikuwa na kibuyu kimoja cha mtindi alichopewa na mama. Alikuja nacho mwaka 2018, kikavu na kitupu, na maofisa wa uwanja wa ndege wakakigeuzageuza, wakakiachia. Alipotia maziwa ya dukani yakaganda kwa bakteria waliojificha kwenye kuta zake, na ladha ikawa ile ile ya kwao. Alilia pale jikoni bila haya. Tangu hapo alibakiza mtindi kidogo chini kila wiki, ndiyo mbegu, na kibuyu alikisafisha kwa moshi tu, kama alivyofundishwa.

Julai 2021 Sydney ilikuwa imefungwa, mipaka imefungwa, na mwenzake wa kazini akakutwa na korona. Atupele akarudi nyumbani na hofu yake. Akafuta vitasa, akafuta simu, kisha mkono uliozoea kazi ukachukua kibuyu, ukamwaga kilichobaki, ukakisuuza kwa maji ya moto na dawa ya kuulia vijidudu. Mtaalamu mzima wa bakteria! Alishtuka povu likiwa tayari kwenye sinki. Mara mbili alitia maziwa mapya, na mara mbili yakanuka.

Jumapili akampigia mama, akaungama, akaomba atunziwe mbegu nyingine. Kibuyu alichobaki nacho, mama akasema, kilipasuka mwaka jana, na ng'ombe aliuzwa mama mwenyewe alipoanza kuugua. Hakutaka kumtia mwanawe mawazo.

"Sikuwa na wasiwasi. Nilijua mbegu iko kwako, nikawa nasubiri uje nayo."

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Atupele akasema hana tena cha kuja nacho.

"Basi njoo hivyo hivyo, mwanangu," mama akasema. "Njoo mikono mitupu. Ila njoo."

Kisha akauliza lini, na Atupele hakuwa na tarehe ya kumpa.