Mwizi wa Kutumwa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini jambo hili lilitokea shambani kwangu, Makutupora, na siku hiyo sikukaa kitako.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, anasoma mambo ya kompyuta chuoni hapa Dodoma. Yeye ndiye aliyetufungia kidude cha kuendesha pampu ya zabibu. Kinapima unyevu wa udongo, kinafungua maji, kinafunga. Tukakiamini mpaka tukang'oa na swichi ya mkono. Msimu uliopita, zabibu zimeiva, wakati ambao tunazinyima maji ili ziwe tamu, kikamwaga maji mchana kutwa sisi tukiwa msibani. Zabibu zikapasuka vichalani, nyuki na nyigu wakafanya sherehe. Mnunuzi akatazama, akageuza gari.

Mjukuu akahangaika mpaka akapata chanzo. Alinieleza, nikamrudisha nyuma mara kadhaa mpaka nikaelewa. Ndani ya kidude kuna programu inayotawala nyingine zote, wanaiita kiini, nayo ina sehemu yake ya kumbukumbu ambayo programu ndogo haziruhusiwi kugusa. Ile ya kupima udongo ilivuka mpaka, ikaandika juu ya saa ya kufunga maji. Chipu ya kidude, ndiyo ubongo wake, imetengenezwa ikiwa na mlinzi ndani yake wa kuzuia mambo hayo, ila hakuna aliyewahi kuhakikisha kama yuko kazini. Basi safari hii mjukuu akapanga kwamba kila kidude kikiwashwa, kiini chenyewe kinatuma mwizi wa majaribio akaandike palipokatazwa. Mwizi akikamatwa, kazi inaanza. Akipenya, taa nyekundu, na pampu haiwaki.

"Kwa hiyo unajiibia mwenyewe?" nikamuuliza.

"Najaribu, Bibi. Naomba nikamatwe."

Kilifanya kazi vizuri mpaka radi ilipopiga nguzo ya umeme, kikaungua. Tulikuwa tumetoka kukata matawi, macho ya mizabibu ndiyo yanafumuka, na jua la huku mnalijua. Maji yakikosekana hapo, macho yanakauka na mavuno hakuna. Mwanangu wa kiume, ndiye msimamizi wa shamba, akakimbilia mjini akaleta kidude kingine, umbo lile lile, rangi ile ile. Mjukuu akaingiza programu zake, akawasha.

Nyekundu.

Akazima, akawasha tena. Nyekundu. Nikatoka nikaenda kwenye mizabibu, nikarudi, nikatoka tena. Kila chipukizi ninaloshika limelegea. Nikirudi namkuta mjukuu kashika tama mbele ya kompyuta yake. Mwanangu naye akaanza maneno. Alisema chuoni wanafundishwa kutengeneza vitu vya kugoma, kwamba hata punda wake anapiga kazi bila kufanyiwa mtihani kila asubuhi.

"Mwizi umemwajiri mwenyewe," akamwambia. "Mfukuze, tupate maji."

"Mjomba, tatizo si mwizi. Ni mlinzi."

Alikuwa amesoma maelezo ya chipu mpya mtandaoni. Ni ya bei rahisi, mlinzi hajawekwa ndani kabisa. Yenye mlinzi itabidi iagizwe Dar, ije kwa basi. Akatueleza kwamba akiondoa lile jaribio pampu itawaka papo hapo, na huenda isisumbue msimu mzima. Au kesho programu ivuke mpaka, pampu izunguke kisima kimekauka, iungue. Pampu nyingine hatuna.

"Siwezi kukuahidi, Bibi," akasema. "Shamba ni lako. Ukisema nitoe, natoa."

Nikaenda tena mpaka mwisho wa mistari. Nilitaka yale maji kuliko wote pale. Mwanangu alinifuata nyuma akihesabu machipukizi kwa sauti, makusudi, ili nimsikie. Niliporudi nikawaita wote uani, wakwe na watoto wao, nikasema:

"Jaribio halitolewi. Hicho kidude kirudishwe dukani, na chenye mlinzi kiagizwe leo. Mpaka kifike, kila mwenye mikono nyumba hii achukue ndoo aende kisimani. Wewe mwanangu utatangulia. Anzeni mistari ya juu, ndiko kunakokauka haraka, na msirudi kula kabla sijawaita."