Maneno ya Chaki ya Mama Pimamaji

Ukiingia nyumbani kwa Mama Pimamaji, usishangae kuta zikikusalimia kwa Kiingereza. Juu ya mlango pameandikwa kwa chaki "lintel", ile boriti fupi inayobeba matofali yasimwangukie anayepita. Chini ya dirisha pameandikwa "sill", kizingiti chake. Hata kwenye mbao za paa kuna maneno, hayo aliyapandia ngazi. Mwenye chaki ni mumewe, fundi cherehani, na kila asubuhi huitafuta mezani asiione.

"Mke wangu, siku nikilala sana utaniandika na mimi."

"Wewe sijapata neno lako," humjibu. "Nikilipata, huponi."

Mama huyu ni mwashi. Ameshika mwiko miaka thelathini, na jina la Pimamaji alibandikwa na mafundi wenzake, maana jicho lake likisema ukuta umelala, ukileta kile chombo chenyewe cha kupimia usawa nacho kinakubali. Shule aliiachia darasa la nne. Kiingereza hakikumjia kwa mapenzi, kilimjia kwa aibu.

Miaka mingi nyuma alikaa kwenye kikao cha kupitisha ramani ya shule. Akaona pale kwenye karatasi kwamba ngazi ya ghorofani inapita chini ya boriti kwa karibu mno. Kikao kilikuwa cha Kiingereza mwanzo mwisho. Kosa alilijua, neno hakulijua. Akanyamaza, akajenga kama alivyoagizwa. Mpaka leo mwalimu mkuu wa shule ile, mtu mrefu, hupanda ngazi ameinama kama anayeomba radhi, na siku akijisahau, shule nzima husikia. Neno lenyewe lilikuwa "headroom", nafasi ya kichwa. Alikuja kulijua zege limeshakauka.

Tangu hapo, kila neno la ramani lililompitia aliliulizia maana, akarudi nalo nyumbani, akaliandika juu ya kitu chenyewe, apate kulisoma akipika na akifagia.

Basi ikaja kazi ya wodi mpya ya wazazi. Msanifu wa jengo alikuwa kijana mgeni, mpole, mwenye miwani, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Mama Pimamaji alipewa nakala ya ramani aitazame, zimebaki siku tatu kamati itie saini. Naye ana kawaida yake: karatasi haiamini mpaka aitembee. Alibeba kamba, vigingi na chokaa, akaichora wodi nzima juu ya kiwanja kwa ukubwa wake wa kweli, kisha akamwita wifi yake, mkunga wa wodi ya zamani.

"Uje na kitanda cha magurudumu."

"Kitanda nikilete vumbini, wifi? Umeanza lini wazimu?"

"Hii ndiyo wodi yako mpya. Mama ana uchungu, unamkimbiza chumba cha kujifungulia. Haya, sukuma!"

Mkunga akasukuma huku anacheka, akafuata korido ya chokaa. Kwenye kona kicheko kikamkatika. Kitanda kiligoma kugeuka. Akarudi nyuma, akajaribu tena, magurudumu yakapanda chokaa.

"Wifi," alisema taratibu, "hapa watu watajifungulia njiani."

Siku ya kikao, katika chumba kinachopakana na kiwanja, mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshafungua kalamu alipouona mkono wa mwashi juu.

"Mama, wewe subiri matofali. Ya karatasi tuachie sisi."

Wajumbe wakacheka.  Mama Pimamaji alimkumbuka mwalimu mkuu na kichwa chake. Akasimama, akamtazama msanifu, si mwenyekiti.

"Corridor, narrow," alisema, yaani korido ni nyembamba. Akaweka kidole kwenye kona ya ramani. "Bed, no turning." Kitanda hakigeuki.

Msanifu akainamia ramani, akapima kwa rula, akatikisa kichwa. Kitanda kinapita. Na kweli kilipita, kwa kwenda moja kwa moja. Mama hakubishana. Alimshika mkono wa shati, akatoka naye, kamati nzima nyuma yao.

Kiwanjani wifi mtu alikuwa amejilaza kitandani, mikono tumboni. "Nakufa miye, harakisheni!"

Msanifu akasukuma mwenyewe. Kwenye kona, magurudumu yakaruka mstari.

"Umeshabomoa ukuta, mwanangu," Mama akamwambia, na mwenyekiti ikambidi atafsiri.

Kijana alicheka mpaka miwani ikateleza. Kisha akapiga magoti, akapima chokaa kwa tepu: mita moja na sentimita ishirini. Akaitandaza ramani pale pale chini, akaandika mita moja na sentimita themanini, na pembeni neno moja kubwa: "revision". Akamweleza, kupitia kwa mwenyekiti aliyekwisha kunywea, kuwa ndiyo ramani kuchorwa upya pale ilipokosewa, kabla jengo halijainuka.

"Kabla," Mama alilirudia hilo, polepole. Mwenyekiti akafunga kalamu. Saini zikangoja ramani mpya.

Jioni ile alizunguka nyumba nzima na chaki, hakuona pa kuliandika neno lake. Nyumba ilikuwa imeshajengwa zamani. Mwishowe akasimama mbele ya mumewe, aliyekuwa anafumua bega la koti.

"Koti limekuwaje?" aliuliza.

"Nililikata vibaya. Bora nimeona kosa kabla mwenye koti hajalivaa."

Mama akainama, akaliandika neno lake pale pale kwenye bega la koti.

"Mke wangu! Koti la watu hilo!"

"Utalifuta ukimaliza," alisema, akamrudishia chaki yake. "Mimi nimeshalisoma."