Kikohozi cha Jemadari

Bado naikumbuka asubuhi ile winchi ilipokuja kumwondoa jemadari wa Baba. Sina umri wa kukuita mwanangu, mdogo wangu. Nimemaliza chuo juzi tu, kazi sijapata, na hata ujumbe wa mistari miwili naufuta na kuuandika upya mpaka naona haya. Lakini nimeachiwa neno na mtu mzima, nami naogopa kulikalia.

Baba alikuwa mlinzi katika bustani moja mashariki mwa Johannesburg. Katikati palikuwa na sanamu ya shaba: kamanda wa vita vya zamani juu ya farasi, upanga kiunoni, njiwa kofiani. Watu walikuwa wakiimwagia rangi, ndiyo maana Baba akawekwa hapo. Sisi tulikimbia Uvira, Kongo, kwa sababu ya watu wenye vyeo kama cha kamanda huyo. Baba alikuwa akitania, "Huyu ndiye kamanda wa kwanza ambaye hajanifukuza."

Bibi, mama yake Baba, alibaki Uvira. Baba hakutaka ajue kwamba mwanawe, aliyekuwa mwalimu kule, huku anasimama baridini akilinda shaba. Akamwambia kwamba katika bustani ile anamlinda jemadari, mtu mkubwa, mwema sana. Bibi akaamini. Siku moja akasikia kikohozi kwenye simu.

"Nani anakohoa hapo?"

"Ni jemadari, mama. Baridi ya huku."

Tangu hapo kila Jumapili Bibi aliuliza hali ya kifua cha jemadari, na kanisani akamwombea kwa sauti.

Mimi nilijua. Nilitaka kumwambia, kisha nikawaza: nikimwaibisha Baba je? Moyo wa Bibi ukishtuka je? Na mimi ni nani wa kuingilia? Niliwaza hivyo tangu sekondari hadi nikavaa joho.

Kisha ikaamuliwa sanamu iondolewe. Wengine walifurahi, wengine walinuna. Baba aliambiwa tu kwamba kazi yake hapo imekwisha. Nilikwenda kusimama naye. Mikanda ilipopitishwa chini ya tumbo la farasi, kijana mmoja wa winchi akapaza sauti, "Eish, madala! Mzee, kesho utalinda nini, nyasi?" Baba akacheka naye, akakohoa.

Simu ikalia. Alikuwa Bibi. Jirani yake ana mtoto anayeishi La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, naye alikuwa amepeleka habari nyumbani kwamba jemadari wa bustani ile anaondolewa leo.

"Kimbia, mwanangu! Wakimwondoa mkubwa wanaanza na walinzi wake! Vua hizo nguo, kimbia!"

Baba alinipa simu. Nikafungua kinywa, nikaanza kuchagua maneno. Bibi alizidi kulia, nami bado nachagua. Baba akaichukua tena.

"Mama, tulia. Si mtu. Ni sanamu. Ni shaba tu, mama."

Farasi alikuwa ameshainuliwa, miguu ikining'inia hewani.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa peke yako hapo?" Bibi akauliza.

Baba alinirudishia simu, akageukia ukuta wa bustani.

"Na wewe uliyesoma," Bibi akasema, "ulijua?"

"Nilijua, Bibi. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Na kile kikohozi?"

"Ni cha Baba."

"Basi mmeninyang'anya maombi ya mwanangu, mkampa chuma."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Sasa anamwombea Baba kwa jina lake. Baba yuko kitandani, anasikiliza simu imewekwa juu ya mto, na daktari anasema tulichelewa kukishughulikia kifua hicho.

Mdogo wangu, wewe unayepakia maboksi ghalani kule Midrand na kumwambia mama yako uko ofisini, mpigie leo. Mwambie mgongo unauma. Mwambie chumba unachopanga hakina dirisha. Usingoje maneno mazuri. Mimi niliyangoja, hayakuja. Wazazi wetu hawahitaji tuwe wakubwa. Wanahitaji kujua pa kuelekeza huruma yao. Ukiwaficha maumivu yako, watampa mtu mwingine kilicho chako, nawe utabaki baridini ukiwa na mama aliye hai.

Mungu akupe ujasiri wa kusema mapema, na wanaokuombea wawe wanajua unapoumia. Amina.