Bi Arvella Anadai Darasa Lake

Bi Arvella Stuckwisch akikasirika hapazi sauti. Anageuka ubaoni na kuandika jina lako kwa mwandiko wa kuunganisha, polepole, herufi zimeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara, na wewe uliyekaa pale nyuma unajua kuwa leo huendi kucheza. Akiandika jina la kwanza tu, una nafuu. Akiongeza la katikati, lile ambalo hata mama yako hulitumia siku umevunja kioo, basi jiandae kukaa ndani na kutazama wenzako wakirushiana theluji.

Alinifundisha darasa la tatu hapa Tolliver, na kabla yangu alimfundisha kaka yangu Wade, na kabla ya Wade nusu ya watu unaowaona kwenye foleni ya kahawa pale kituo cha mafuta. Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya mji, akakamua hadi alipokwenda chuo cha ualimu, akarudi na cheti na mabega yake yale yale. Walimpa chumba cha kona, chenye dirisha linalotazama uwanja, na akakaa humo mpaka rangi ya kuta ikaanza kumfuata yeye. Mumewe, Merle, alikuwa mtu wa maneno machache. Alipofariki, Bi Arvella alimaliza mazishi Jumamosi na Jumatatu akaingia darasani. Watu walioleta vyakula vya kumfariji walikuta mlango umefungwa, wakaviacha kwenye baraza, vikaliwa na paka.

Msidhani namchora malaika. Wade anatumia mkono wa kushoto, na mwandiko ule ulikuwa ukimtoa darasani na kiganja cheusi kama kibarua wa makaa ya mawe. Bi Arvella alimnyima mapumziko wiki nzima kwa ajili ya herufi kubwa ya Q, ambayo kwenye mwandiko huo inafanana na tarakimu ya 2 bila aibu yoyote. Nani hapa Tolliver jina lake linaanza na Q? Hata mbwa hakuna. Ukimuuliza Wade leo, atakwambia mwandiko wa kuunganisha ulibuniwa na watu waliochukia watoto.

Na ukiniuliza mimi kama shule ziendelee kuufundisha, nitasema ufundisheni, ila waacheni watoto wakacheze. Hilo ndilo jibu langu lote, halijazi hata kisoda. Kinachonichemsha damu ni jinsi wakubwa wetu walivyoufukuza, halafu walivyourudisha, na katika safari zote mbili wakampitia mama wa watu juu ya mwili.

Nilikuwepo. Chuo cha utangazaji kilinishinda nikiwa katikati, nikarudi nyumbani, na sasa kazi yangu ni kurusha mikutano ya bodi ya shule kwenye mtandao. Watazamaji hatuzidi meza moja ya harusi, na mmoja wao ni mama yangu.

Mwandiko ulifukuzwa kwenye mkutano mmoja, kati ya hoja ya paa linalovuja na hoja ya maziwa ya kantini. Mkurugenzi wetu wa elimu, Dakta Lofgren, alikuwa ndiyo kwanza ametoka mjini na picha zake za kurushwa ukutani kwa projekta. Akaonyesha kidole kikigusa skrini. Akasema mtoto wa kesho atachapa. Gordy Pahl, mwenyekiti wa bodi, muuza matrekta, akacheka na kusema hajawahi kupokea oda ya trekta iliyoandikwa kwa kalamu ya unyoya wa bata. Mikono ikanyooshwa. Hakuna aliyegeuka kumtazama Bi Arvella, ambaye alikuwa amekaa mstari wa pili na koti lake mapajani.

Aliendelea kufundisha. Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mlango umefungwa. Angeweza kuendelea hivyo mpaka leo kama si bibi mmoja ambaye mjukuu wake alimwandikia kadi ya Krismasi kwa mwandiko wa kuunganisha. Bibi alilia, kisha akafanya lile ambalo bibi zetu wote hufanya wakilia: akaipiga picha kadi, akaiweka kwenye ukurasa wa mji, akamshukuru mwalimu kwa jina. Dakta Lofgren naye yumo kwenye ukurasa ule, hukaa humo kuangalia nani anamsema. Baada ya likizo, Bi Arvella alitolewa chumba cha kona na kupelekwa chumba cha kompyuta. Yaani ukitaka kumwadhibu mtu asiyekula nguruwe, mpe kazi buchani. Huko akawa analinda watoto wa shule nzima wakichapa, darasa baada ya darasa, huku akisema, "Vidole mahali pake. Nimesema vidole mahali pake."

Kisha bunge la jimbo likapitisha sheria: kila mtoto wa darasa la tatu ajue kuandika kwa kuunganisha. Nilimwona Gordy Pahl yule yule, kwa macho yangu haya na kamera yangu hii, akiiita "tunu ya wazee wetu." Alivaa na tai siku hiyo.

Bi Arvella alikuwa anastaafu Juni. Aliomba kitu kimoja: arudishiwe darasa lake, amalizie alipoanzia. Alimwambia Dakta Lofgren nikiwa pale, nakunja nyaya baada ya mkutano.

"Arvella, hilo tumeshalishughulikia," Lofgren alisema.

"Mmelishughulikia vipi? Nani anafundisha?"

"Kuna mpango mzuri sana, kwenye vishikwambi. Mtoto anafuatisha herufi kwa kidole, anapata nyota. Kuna kindi wa katuni anashangilia."

"Kindi."

"Watoto wanampenda."

"Na penseli?"

"Penseli ni awamu ya pili."

Bi Arvella alivaa koti lake, kifungo kimoja kimoja, akatoka. Nikamwambia Lofgren kwamba kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka. Hakikuwa kinawaka. Nilitaka tu alale vibaya.

Aliyekuwa amerithi chumba cha kona ni Kaylin Dobbs, binti wa mwaka wa pili kazini, asiye na mkataba wa kudumu. Alisoma shule wakati mwandiko umeshafukuzwa wilaya ya kwao, kwa hiyo aliujua kama mimi ninavyojua kupiga kinubi. Siku moja nimepanda ngazi chumba cha kompyuta kurekebisha waya, akaingia.

"Samahani, Bi Arvella. Una dakika?"

"Nina miaka. Wamenifungia humu."

"Nataka unifundishe. Ule mwandiko."

Bi Arvella alivua miwani. "Umekalia kiti changu, unatazama nje kwa dirisha langu. Sasa umekuja kuchukua na mkono?"

"Sikuomba nipewe kile chumba."

"Na hukukikataa."

"Ningekataaje, mama? Ilikuwa kazi yangu ya kwanza."

Mimi juu ya ngazi nikajifanya waya umenishinda.

"Huyo kindi wenu," Bi Arvella akasema, "hushangilia mtoto akipatia tu, au hushangilia ovyo?"

"Ovyo. Juzi nilikuwa nafuta skrini kwa kitambaa, akanipa nyota tatu."

Bi Arvella alicheka kwa pua, mara moja. Halafu uso ukarudi palepale. "Sikufundishi."

"Kwa nini?"

"Nikikufundisha humu kimyakimya, Lofgren atasimama aseme mpango wake umefanya kazi. Mimi nitakwenda mbele ya bodi kudai darasa langu. Wewe njoo useme ukweli. Sema hujui."

"Wataniacha. Mikataba ya kuendelea na kazi inasomwa Aprili."

"Najua inasomwa lini."

Kaylin aliondoka. Nikashuka. "Bi Arvella, unamtoa yule binti kafara."

"Nani amekuuliza? Rudi kwenye ngazi yako."

"Nakwambia tu. Wewe unastaafu, yeye analipa kodi ya nyumba."

"Na hao watoto? Wafundishwe na kindi?"

Nilimkasirikia siku ile, na sijamaliza. Mtu anaweza kuwa amedhulumiwa na bado akawa anaomba kitu ambacho si haki kukiomba. Lakini nilifunga mdomo, maana kwake mimi bado ni wa darasa la tatu.

Mkutano ulifanyika kantini, ikiwa bado inanuka nyama ya kusaga ya mchana. Tukasimama, tukaiapia bendera, tukaketi kwenye viti vya kukunja. Mwananchi hupewa dakika tatu, na kuna taa: kijani, njano, nyekundu. Bi Arvella alikwenda kwenye kipaza sauti bila karatasi.

"Naomba darasa la tatu," alisema. "Mpaka Juni tu. Mna sheria mpya, mna mtu anayejua kazi, na mtu huyo mmemweka kulinda kompyuta."

"Arvella," Gordy Pahl alisema, "ulipewa agizo ukalivunja."

"Ndiyo. Na leo agizo lako ndilo linalovunja sheria ya jimbo. Sasa nani kati yetu apelekwe chumba cha kompyuta, Gordon Eugene?"

Watu walicheka, kwa sababu nusu yao waliwahi kuitwa hivyo, jina la kwanza na la katikati. Gordy hakucheka wala hakunywea kama nilivyotumaini. Alilegea kitini, akasema, "Hapa si darasani, Arvella. Hapa mimi ndiye ninayeita majina." Na kicheko kikakatika kama kimemwagiwa maji. Ile silaha aliyotutawala nayo miaka yote, mbele ya muuza matrekta ilitoa moshi tu.

Lofgren akawasha picha zake ukutani. Darasa la tatu lilikuwa na nyota nyingi kuliko darasa lolote la kaunti. Taa ikawa nyekundu. Bi Arvella akarudi kukaa. Hakumtazama Kaylin, aliyekuwa ameketi nyuma, na mimi kwa hasira nikaielekeza kamera kwa Bi Arvella, ili mama yangu aone anavyokwepa.

Kiti kikakwaruza sakafu. Kaylin alikuwa amesimama, bado na kadi ya kazi shingoni.

"Mimi ndiye mwalimu wa darasa la tatu," alisema. "Mwandiko huu siujui. Hakuna aliyeniuliza kama naujua. Zile nyota ni za kweli, lakini juzi niliwapa watoto karatasi na penseli, nikawaambia andikeni majina yenu. Wengine waliifuatisha karatasi kwa kidole. Mmoja aliniuliza inawashwa wapi."

Dada mmoja wa kantini alishika mdomo.

"Tunashukuru kwa maoni yako," Gordy alisema. "Hoja inayofuata."

Walipiga kura. Bi Arvella hakupewa darasa. Mjumbe mmoja, kwa huruma zake, akapendekeza Bi Arvella aalikwe kujitolea, mara moja moja, bila kuathiri mpango. Wakamgeukia wote na nyuso za watu waliokupa zawadi.

"Sijitolei," alisema kutoka pale alipokaa. "Nina kazi. Nimeajiriwa chumba cha kompyuta."

Nilidhani ni kiburi cha kufungia mlango. Jumatatu nikapita koridoni nimebeba stendi ya kamera, nikakuta mlango wa chumba cha kompyuta uko wazi kabisa, umeegemezewa kiti. Skrini zote nyeusi. Darasa la tano wameinamia karatasi, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, na Bi Arvella anapita katikati yao na boksi la penseli. Baada yao wakaingia darasa la pili. Baada ya hao, darasa la nne. Wale wakubwa walimnyima darasa moja na kusahau kwamba walikuwa wamempa shule nzima, maana hakuna mtoto Tolliver asiyepita chumba cha kompyuta kila wiki.

Lofgren alifika kabla ya chakula cha mchana. Alisimama mlangoni.

"Arvella, hiki ni chumba cha kompyuta."

"Naona. Zipo zote, zihesabu."

"Hatukukubaliana hivi."

"Hatukukubaliana lolote. Sheria inasema watoto wajue kuandika. Niandikie wewe, kwa jina lako, kwamba nisifundishe, nami nitawasomea kule bunge la jimbo. Kama huandiki, ingia ukae, unawazibia mwanga."

Hakuandika. Hakuingia pia. Alisimama kidogo, akaangalia simu yake ambayo haikuwa imeita, akaenda zake.

Darasa la tatu lilikuwa linaingia Alhamisi. Kaylin aliwaleta, akakaa nao kwenye kiti kidogo, magoti yakigusa kidevu, akaandika mistari kama wao. Bi Arvella alimsahihisha mbele ya watoto bila huruma: "Hiyo si b, hiyo ni kijiko. Rudia." Kaylin akarudia. Watoto walifurahi kuona mkubwa anakosea. Wale wa mkono wa kushoto Bi Arvella aliwaacha walaze karatasi upande wautakao, lakini mapumziko yao bado aliyakata, kwa hiyo Wade asitafute sababu ya kusamehe.

Aprili mikataba ilisomwa. Wa Kaylin haukuwemo. Sababu waliyotoa ni kwamba wilaya inapitia upya mahitaji yake. Nilirusha kikao hicho kwa mikono yangu, na nikiwa nakirusha nilimwangalia Gordy Pahl akigeuza kurasa, nikawaza kwamba ameuza matrekta maisha yake yote na hajawahi kuuza kitu chenye uti wa mgongo.

Juni bodi ilimwandalia Bi Arvella keki ya kuagwa. Ilikuwa na jina lake, kwa herufi za kuchapa. Lofgren alisema maneno kuhusu tunu. Tulingoja. Hakuja, mwisho tukaila sisi wa kamera na wanawake wa kantini.

Siku ya pili nikamkuta anafyeka nyasi kwa mashine mbele ya nyumba yake, nikamuuliza alikuwa wapi.

"Nilimpeleka Kaylin kwenye usaili. Kaunti ya pili. Gari lake bovu."

"Umempeleka wewe?"

"Nani mwingine? Nilimponza mimi." Alizima mashine. "Nimekaa kwenye maegesho, jua linanichoma, namngoja kama mama wa bwana harusi."

"Akapata?"

"Watamjulisha. Walimuuliza kama anajua kuandika kwa kuunganisha. Akasema anajua kiasi." Alipangusa jasho kwa mkono wa shati. "Kiasi. Yule mtoto ana r nzuri kuliko yangu, halafu anasema kiasi. Nimemgombeza njia nzima. Keki ilikuwa ya nini?"

"Chokoleti."

"Mimi chokoleti inaniumiza kichwa. Miaka yote hiyo, hata hilo hawakuliuliza." Akavuta kamba, mashine ikanguruma, na maneno mengine aliyosema sikuyasikia, ila niliona yalikuwa marefu.