Pangaboi Alilolifunga Kaka Bakari

Mume wangu hapendi nikisimulie kisa hiki, na bado nakisimulia, kwa sababu kilitokea. Kilitokea nyumbani kwangu Moroni, mchana kweupe, miaka ile mamluki wa Kizungu walipokuwa wakiwaamuru askari wetu wenyewe.

Kaka yangu Bakari, tumbo moja ziwa moja, alikuwa fundi umeme. Nilipojifungua mtoto wa pili alinifungia pangaboi sebuleni. Zawadi ya mjomba, alisema. Chini ya pangaboi lile mume wangu Daudi, mwalimu, aliketi na wenzake wawili kila Ijumaa baada ya swala, wakiwasema mamluki kwa sauti ya chini. Siku moja askari wakaja kumchukua. Na niamini, walimsomea maneno aliyoyatamka sebuleni mwangu, neno kwa neno. Nilimshuku nani? Wale wenzake wawili. Hata wake zao niliwanyima salamu.

Bakari ndiye aliyenifuta machozi.

Wiki ya tatu pangaboi likaanza kuzunguka kivivu, hata nzi wanatua juu yake. Nikamwita Bakari. Adhuhuri akaingia na ngazi begani, bila hodi wala salamu. Hakumbusu mtoto. Nikadhani amechoka. Akazima swichi kuu, akapanda, akafungua kile kifuniko cha darini kinachoficha nyaya.

"Kapasita imekufa?" nikauliza. Dada wa fundi hujifunza maneno.

"Kapasita nzima. Kuna waya umeungwa hapa, si wa pangaboi. Maungio yamelegea, umeme haufiki sawasawa."

Akaukata, akanishushia: waya mwembamba, na mwishoni kidude cha chuma chenye vitundu, kidogo kama kifungo cha koti.

"Hiki nini, kaka?"

"Sikio. Muulize aliyelifunga pangaboi."

"Si wewe uliyelifunga?"

Akanitazama kwa macho ya kaka yangu, ila hakuyapepesa. Akashuka, akawasha swichi. Upepo ukavuma mpaka mapazia yakapeperuka. Nikainua uso kutazama. Nilipouteremsha, hapakuwa na mtu wala ngazi. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani, nami sikukumbuka kuufungua.

Kisha nikasikia hodi.

"Salaam alaikum, mdogo wangu! Nisamehe, nilikuwa Ntsoudjini, ndiyo kwanza nafika."

Bakari, jasho likimtiririka, ngazi begani. Akaliona pangaboi linavyokwenda. Akakiona kidude kiganjani mwangu. Hakuuliza nimekipata wapi. Unanielewa? Hakuuliza! Aliketi sakafuni, akasema, "Waliniahidi watamwonya tu."

Daudi alirudi baada ya miezi minne, mkono wake wa kulia haushiki tena chaki. Tukahamia kwao Mutsamudu, juu ya bandari. Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa wale wanawake wawili kuomba radhi. Mmoja alinisamehe, mwingine alifunga dirisha. Wanangu wamekua bila mjomba, na kwetu sisi huo ni nusu ya uyatima.

Wengi wameniambia yule alikuwa jini, nisome kinga. Nasoma. Lakini nawe unayenisikiliza, jihadhari zaidi na anayejua komeo la mlango wako tangu utotoni. Yule asiyekuwa Bakari akirudi leo, nitamkaribisha ndani. Bakari mwenyewe tunapeana mikono misibani tu, na mwaka huu hata huko sikwenda.