Hitima ya Aliye Hai

Juzi mwanangu kanionyesha kwenye simu filamu ya zamani ya Kimisri, anacheka suruali pana za watu wa wakati ule. Mara akatokea Mjomba, kavaa kofia ya dereva, anafunga mlango wa gari kwa madaha yake yaleyale. Nilikaa kitako, rafiki yangu. Uso ule nilikuwa sijauona miaka mingi.

Tulikuwa tukikaa Hindawiyah, Jeddah, orofa ya juu, mashine ya baridi ikinguruma kutwa na kudondosha maji kwenye beseni la Bibi. Baba alikuwa dereva wa kampuni Riyadh. Fedha za mafuta zilikuwa zikimwagika kila upande, na kila likizo alirudi na kitu kipya: feni, televisheni, mwisho deki ya video.

Mjomba, kaka yake mama, yeye alikuja mikono mitupu. Wakubwa wa serikali ya kwetu kisiwani walimpeleka Ulaya angali kijana kusomea bale, ile ngoma ya Kizungu ya jukwaani, akawa hodari wa kundi lao. Siku moja kundi likiwa safarini, alitoka hotelini kununua sigara, asirudi. Akatufikia sisi na nguo za Umra. Asubuhi, mimi na Bibi tukichambua mchele, alishika ukingo wa sinki akainua mguu mpaka usawa wa bega. Bibi aligeuza uso. "Mtoto wa kiume, jamani," alisema, lakini maandazi ya moto alimwekea yeye kwanza.

Tatizo lilikuwa Babu. Alibaki kisiwani, na wakubwa walimwambia wazi: pasi ya kusafiria utaipata mwanao akirudi. Mjomba akirudi, jela. Asiporudi, Babu hatoki, na Bibi hamwoni mumewe tena. Bibi alikonda kwa fikra. Mwisho akasema, "Maiti hadaiwi kurudi."

Mama alimwonya kwamba la kuvunda halina ubani. Hakusikilizwa. Tulitangaza kwamba Mjomba kafa kwa ajali njia ya Riyadh na kuzikwa hukohuko, ili habari ifike nyumbani. Watu wetu wa mitaa ya Ghulail na Hindawiyah wakajaa sebuleni, udi ukafuka, hitima ikasomwa. Bibi alilia machozi ya kweli, maana ya uongo hakuyajua. Mjomba mwenyewe alikuwa kajifungia stoo. Nilipompelekea biriani alikula kwa hamu, kisha akaniuliza, "Nani huyo analia hivyo?" Nikamwambia ni Bibi. Akaisukuma sahani, hakula tena.

Wiki ileile akaondoka kwenda Misri, kaapishwa asiandike wala kupiga simu mpaka Babu atoke. Sinema hakuna aliyeifikiria. Baba ndiye aliyekuja na kaseti kutoka Riyadh, akaiweka kwenye deki, na huyo Mjomba, mwigizaji, kwa jina jingine. Mwishoni anapigwa risasi na kuanguka ngazini, polepole, mwili wote ukijua unakokwenda. Bibi aliificha kaseti chini ya godoro, utadhani kwa kuificha ile moja, Jeddah nzima isingemwona.

Na pasi ikatoka. Babu alifika amechoka, mkononi kabeba kikanzu cha utotoni cha Mjomba. Kabla hajagusa kahawa akauliza, "Kaburi liko wapi?"

Bibi alinitazama. "Weka kaseti," akaniambia.

Babu alitazama mpaka Mjomba alipoanguka. "Mmenizikia mwanangu," akasema, "nikamlilia peke yangu mwaka mzima. Huyu mimi simjui." Mjomba alipopiga simu, Babu hakuishika. Bibi alibembeleza, mama akalia, wapi. "Halas," alisema, yaani basi, neno lake la kwanza la Kiarabu cha pale.

Lakini alasiri, Bibi akiwa jikoni, Babu alikuja kukaa karibu yangu. "Weka," ananinong'oneza. Filamu ikikaribia pale ngazini, ananishika mkono. "Zima. Zima kabla hajaanguka."

Babu alifariki hawajasemezana na mwanawe. Nyumba ya Hindawiyah imevunjwa, Bibi hayupo, na Mjomba naye kafa kweli, huko Misri. Nauchukia uongo ule mpaka leo, na sijui tungefanya nini kingine.

Mwanangu alikuwa bado anatazama. Mjomba akaanza kupanda ngazi zilezile. Nikamshika mkono mwanangu.

"Zima," nikamwambia.